Godoro Ndani ya Nyar Sondu

Juzi watu wa barabara walikuja kuziba mashimo mbele ya nyumba yangu hapa Kisumu. Waliwasha moto chini ya pipa la lami, na harufu yake ikaingia dirishani bila hodi, nzito, ya kukaba koo, yenye utamu kidogo kwa mbali. Majirani walifunga madirisha huku wakilalamika. Mimi nilitoka nje na kikombe changu cha chai, nikasimama karibu na lile pipa nikavuta pumzi mpaka kijana mmoja mwenye koleo akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Niko sawa, nikamwambia, niko sawa kabisa. Kumbe sikuwa hapo hata kidogo. Nilikuwa Dunga, ufuoni mwa ziwa, nina miaka kumi au kumi na mmoja, vidole vimekolea weusi, na mama yangu alikuwa anachana godoro lake la ndoa kwa kisu cha kupasulia samaki.

Lakini nikianza na godoro hutanielewa. Lazima nianze na mke mwenza.

Baba yangu alikuwa na wake wawili, Mama na mashua. Hayo ni maneno ya Mama, na hakuyasema kwa mzaha. Mashua yenyewe ilikuwa ya matanga, pana, ya kubeba watu na mizigo kutoka Dunga kuvuka ghuba hadi ng'ambo ya Nyakach. Magunia ya viazi, vyungu, mbuzi, walimu wanaorudi shuleni, wote walipanda. Baba aliinunua ikiwa kuukuu kutoka kwa mzee wa upande wa Sondu, akaipaka rangi ya kijani na nyekundu, akaiita Nyar Sondu, yaani binti wa Sondu. Sasa mama yangu ni mzaliwa wa karibu na Pap Onditi, huko huko Nyakach, na ufuoni kote aliitwa Nyar Nyakach. Hebu fikiria wewe. Umeolewa, umetulia kwako, halafu bwana anakuletea binti wa Sondu aliyepakwa rangi mdomo mzima, na watu wanampigia vigelegele!

Maana hapo Dunga, siku zile, mashua ilipoingia kwa mwenyewe haikusukumwa majini hivi hivi. Ilipelekwa kama bibi harusi. Wanawake waliimba, na mke wa mwenye mashua ndiye aliyetakiwa kuweka mkono wa kwanza kwenye ubao na kumkaribisha, jinsi mke mkubwa anavyompokea mdogo. Mama alikataa katakata. Alijifungia jikoni akachambua omena, dagaa wetu wa ziwani, ambazo alikuwa ameshazichambua asubuhi. Mama Risper, jirani yetu aliyekausha samaki wa mbuta kwa moshi, ndiye aliyeweka mkono kwa niaba yake. Tangu siku hiyo, kila Nyar Sondu alipopata shida, watu walimtazama Mama kwa pembeni.

Na shida zilikuja. Kwanza yalikuja magugu ya majini. Sisi watoto tuliyapenda, yalikuwa na maua ya zambarau na vyura wengi ajabu, lakini yaliufunga ufuo kama zulia na tanga halikuweza kuipenyeza mashua humo. Baba akatafuta injini ndogo iliyokwisha kutumika, akaifunga nyuma, ya kumvusha kwenye magugu tu, halafu upepo umalizie safari. Injini ya namna hiyo hunyonya maji ya ziwa ili ijipoze, kisha huyatoa kwa tundu dogo ubavuni, mchirizi mwembamba. Ufuoni walisema inakojoa. Injini inayokojoa ni nzima. Ikiacha kukojoa, izime mara moja, hata kama uko na askofu ndani ya mashua.

Siku moja katikati ya magugu ikaacha kukojoa, na Baba hakuizima. Alikuwa na abiria, jua lilikuwa linawaka, mtoto wa mtu alikuwa analia, akadhani atafika. Injini ikanuka, ikakohoa, ikakauka kabisa. Walijisukuma kwa miti mpaka jioni, na abiria waliposhuka hawakusema kwaheri. Wiki iliyofuata hakuna aliyepanda. Nyar Sondu akavutwa nchi kavu, akaegeshwa juu ya magogo, jua la kiangazi likamkausha mpaka mbao zikaachana. Mimi na rafiki yangu Apiyo tulikuwa tunasimama mmoja ndani na mwingine nje, tunapenyeza vidole kwenye nyufa, tunasalimiana.

Baba naye akalala. Hakuwa mlevi, hakupiga mtu, hakutukana. Alilala tu kwenye benchi chini ya ukingo wa paa, uso kwa ukuta, kutoka asubuhi mpaka ugali unapoiva. Halafu tukasikia kwamba ndugu yake amemtafutia kazi ya kukata miwa, na kwamba lori litapita kumchukua mwisho wa mwezi.

Watu wakubwa walisema ni bahati. Mimi nilijua miwa ni nini. Baba yake Apiyo alikwenda kwenye miwa, na alikuwa anarudi kwa mazishi tu, tena mara ya mwisho alikuja ameshika mkono mtoto ambaye hatukumjua. Apiyo aliambiwa amsalimie kaka yake. Nilikuwa nampenda baba yangu kupita kiasi, sioni haya kusema. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi, jambo ambalo wasichana walikatazwa. Kila gari lilipolia barabarani, nilikimbia kuhakikisha si lile lori.

Nikamwendea pale kwenye benchi. "Baba, tengeneza Nyar Sondu."

"Akoth, hiyo kitu imekufa," akasema bila kugeuka. "Nimeshamwambia Mama Risper achukue mbao apikie samaki. Wacha nilale."

Mama alikuwa nyuma yangu na beseni la vyombo. Alisikia kila neno. Akaenda kuosha vyombo, na aliviosha kwa kelele.

Sasa godoro. Babu yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa pamba, na binti yake alipoolewa alimpa pamba nyeupe ya kujaza godoro zima, pamoja na kitambaa kigumu chenye michirizi ya bluu. Mama alilishona mwenyewe. Hakuna mtu pale Dunga aliyekuwa na godoro kama lile, wengi tulilalia mikeka na makaratasi. Kila Jumamosi alilitoa juani, akalipiga fimbo, akaligeuza. Mito yetu pia aliijaza yeye, na kwa kazi hiyo alikuwa mkali kama mwalimu wa hesabu. Nikishindilia pamba ananichapa vidole. "Acha nafasi, wewe! Pamba lazima ipumue. Ukiijaza hivyo, siku ikifura itapasua kitambaa."

Asubuhi moja, na haikuwa Jumamosi, akalikokota godoro mpaka uani. Baba akafungua jicho moja.

"Mama Akoth, unafanya nini?"

"Naanika godoro."

Akalifunga lile jicho. Halafu kitambaa kikalia kraaa, na Baba akakaa kitako. Mama alikuwa amepiga magoti juu ya godoro na kisu mkononi, pamba imemfika kwenye viwiko.

"Yawa! Sasa mimi nitalala wapi?"

"Si unaenda kwa miwa? Huko watakupa kitanda."

Baba aliteremsha mguu mmoja. Nilidhani atainuka amnyang'anye kisu. Badala yake alijilaza tena, akageukia ukuta, na mimi nikaona kwamba mambo yameharibika kabisa.

"Akoth," Mama akaniita, "leta karai."

Lami tuliomba kwa watu waliokuwa wanatengeneza barabara ya kuingia mjini. Mama aliiyeyusha kwenye debe pale ufuoni, akaichanganya na mafuta machafu ya gari, na moshi wake ukawafukuza hata wale korongo marabu wanaosubiri matumbo ya samaki. Alinifundisha kusokota pamba kwenye paja mpaka iwe kamba ndefu kama utambi. Mimi nilisokota na kuchovya, yeye akaweka kwenye ufa na kugonga kwa patasi na nyundo ya Baba. Tulianzia mbele tukaelekea nyuma, ubao kwa ubao. Mapaja yangu yalichubuka, lami ikaniganda kwenye nywele, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Nilisadiki kabisa kwamba tukimaliza nyufa, Baba hataenda.

Ufuo wote ulikuja kututazama. Wanaume walicheka kwa adabu, wakificha midomo. Mama Risper hakuficha kitu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita feri, na alikuwa ameshazipigia hesabu zile mbao.

"Nyar Nyakach, unatengeneza mashua ama unajaza mto?"

"Namlisha mke mwenzangu," Mama akajibu bila kuinua kichwa. "Amekonda."

"Shindilia basi ashibe!"

Na Mama alishindilia. Aligonga mpaka nyundo ikawa inaruka, akaongeza kamba juu ya kamba, akagonga tena. Nilimtazama mkono wake nikadhani ni hasira. Nilidhani anamlipiza Nyar Sondu kwa rangi yake na vigelegele vyake, na kusema kweli nilimwona ana haki.

Nyufa zilipoisha tulifanya kile ambacho kila mtu wa Dunga anajua kufanya na mashua iliyokauka. Vijana walitusaidia kuisukuma mpaka maji ya kiunoni, tukaijaza mawe, tukaizamisha. Mgeni angetuona wendawazimu. Lakini mbao zikinywa maji hufura, zikifura hubanana, na mashua hujifunga yenyewe. Unaiacha huko chini ishibe, kisha unaitoa.

Haikufika hata kushiba. Siku ya pili nilikuwa nimekaa ukingoni naichunga, nikasikia mlio ndani ya maji. Pa! Kisha mwingine. Ubao mmoja wa ubavuni ukainuka polepole, misumari imetoka, kamba nyeusi ya pamba inaning'inia. Mbao zilikuwa zimefura na hazikuwa na pa kwenda.

Mama Risper alikuwa wa kwanza kufika. Nisikudanganye, alikuja na shoka begani.

Nilikimbia nyumbani nikilia kwa sauti. Mama hakukimbia, wala hakulia, alibaki amesimama majini na mikono kiunoni. Nilipofika kwenye benchi nilimwangukia Baba kifuani.

"Ubao umetoka! Umeng'oka wenyewe!"

"Nilisema imekufa."

"Haikufa! Tuliijaza vizuri! Mama aligonga mpaka nyundo ikawa inarudi!"

Baba akageuka kutoka ukutani. "Inarudi vipi?"

"Inaruka. Akaongeza pamba, akagonga tena."

"Akaongeza?" Akakaa. "Mbao zikiwa kavu, na akashindilia?"

"Kama mto."

"Wuololo! Hata mto haujazwi hivyo!" Akashuka kwenye benchi, akatafuta akala zake za tairi, moja akaivaa kinyume. "Huyu mwanamke ataniua. Anaua mashua halafu ananiua mimi. Patasi yangu iko wapi? Anatumia patasi yangu kwa hii ujinga?"

Alipita katikati ya watu bila salamu, akaingia majini na nguo zake. Alipapasa ule ubao, akachungulia ndani, akaingiza mkono mpaka begani. Alipoutoa alikuwa ameshika kipande cha mbao cheusi, laini, kinachomeguka.

"Ubavu umeoza," akasema. "Hapa ndani. Tungezama na watu siku moja, mchana kweupe." Akamtazama Mama, na sauti yake ikabadilika. "Nani alikwambia ujaze hivi?"

"Hakuna. Mwenye kujua alikuwa amelala," Mama akasema.

Ufuo mzima ukacheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Mama Risper alishusha shoka, akalikalia.

Kuanzia hapo usingizi ulimtoka Baba. Aliamuru tuchomoe pamba yote, kila uzi, na mimi nilikaribia kulia kwa sababu ya mapaja yangu. Akatafuta ubavu mpya. Ubavu wa mashua, ule mti wa ndani unaoshikilia mbao, haukatwi kwenye mbao zilizonyooka, lazima utoke kwenye tawi lililopinda lenyewe. Kwa hiyo baba yangu alitembea Dunga yote ameinua uso juu, akikagua miti ya watu, mpaka akapata tawi la mkwaju nyuma ya kanisa. Mzee wa kanisa alimpa kwa sharti kwamba kwaya ivushwe bure wakialikwa ng'ambo. Alilichonga, akalipima, akalichonga tena, akalifunga kwa boliti mahali pa ule uliooza. Kisha tukaziba upya, na sasa aliyeshika patasi ni yeye na mimi nikiwa mpimaji. Alinifundisha kusikiliza. Nyundo ikilia tupu, ongeza. Ikilia nene, acha. Nilikuwa namwambia "acha" na yeye anaacha, mtu mzima na mashua yake. Sijawahi kujisikia mkubwa namna hiyo tena, hata siku nilipopewa ofisi.

Mbao Baba alizijua, lakini injini alikuwa anaionea aibu. Hakutaka kuitazama. Kwa hiyo Mama alikodi baiskeli ya bodaboda, akaifunga injini kwa leso juu ya kiti cha nyuma ili isigonge, na mwenye baiskeli akaisukuma kwa mguu mpaka mjini huku sisi tumeishikilia huku na huku. Njiani bikizee mmoja akatusimamisha, akaitazama ile leso kwa huruma.

"Poleni na mgonjwa," akasema. "Anaumwa na nini?"

"Hakojoi, mama," mama yangu akajibu.

Bikizee akatikisa kichwa, akatueleza majani ya kuchemsha. Mama alimshukuru kwa heshima zote. Tulipokunja kona, mwenye baiskeli alicheka mpaka tukakaribia kumwangusha mgonjwa.

Fundi wetu alikuwa Bwana Singh, Singasinga mzee mwenye kilemba cha bluu na gereji iliyojaa injini zilizopasuliwa. Aliongea Kiswahili chake na Kijaluo kilichonishinda mimi. Aliifungua injini, akainusa.

"Mama, hii nani alipika?"

"Bwana yangu."

"Amepika vizuri sana. Imeiva."

Lakini haikuwa imekufa. Pistoni ilikuwa imeganda tu, akailoweka kwa mafuta mpaka ikaachia. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye pampu ya maji. Ndani kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, na cha kwetu hakikuwa na bawa hata moja, na njia za maji zilikuwa zimejaa matope na mizizi ya magugu. Bwana Singh alifukua kwenye mkebe wake wa vyuma, akapata kigurudumu cha injini nyingine, akakichonga kwa wembe mpaka kikaingia. Kisha akamwambia Mama injini itameza mizizi tena kesho kama mdomo hautafunikwa na wavu mgumu wa waya.

"Kama kichungi cha chai?" Mama akauliza.

"Kama hicho hicho!"

Basi kichungi chetu cha chai kikaenda na godoro, na kuanzia siku hiyo chai yetu tuliinywa na majani yake.

Aliijaribu kwenye pipa la maji. Alivuta kamba, ikakohoa. Akavuta tena, ikanguruma, ikafuka moshi wa bluu, na wote watatu tukainama kutazama lile tundu. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Halafu mchirizi mwembamba ukaruka nje, ukanipiga kifuani.

"Inakojoa!" Bwana Singh akapiga kelele, amerusha mikono juu. "Mama, inakojoa!" Watu wa gereji za jirani wakatoka nje kuona ni nani anayekojoa. Mama alijifunika uso kwa leso akacheka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika mpaka nikashindwa kujua kama ni kicheko peke yake.

Siku ya kumrudisha Nyar Sondu majini ndiyo siku lilipokuja lori. Sikupanga mimi, ilitokea hivyo. Mashua ilikuwa imeshazamishwa, imeshiba, imetolewa, na sakafu yake ilikuwa kavu hata ungelalia. Tanga lilikuwa limeshonwa viraka kwa kile kitambaa cha godoro, michirizi ya bluu inaonekana kutoka barabarani. Wanawake walikuwa wameanza kuimba. Lakini wimbo ulikuwa wa kusitasita, kwa sababu kila mtu alimkumbuka Mama na omena zake, na kila mtu alikuwa anasubiri.

Mama akatoka kwenye kundi. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na leso ile ile iliyobeba injini, doa la mafuta bado liko. Alitembea polepole mpaka ubavuni mwa mashua, akaweka kiganja chake chote kwenye ubao.

"Karibu nyumbani, nyieka," akasema, na nyieka ndilo neno letu la mke mwenza. "Umekula godoro langu. Umekula kichungi changu cha chai. Sasa amka ufanye kazi."

Jamani, vigelegele! Mama Risper alipiga cha kwanza na hakuna aliyeweza kumfikia. Vijana wakasukuma, magogo yakalia, na Nyar Sondu akaingia majini akatulia, mwepesi, bila tone ndani. Hapo ndipo honi ikalia barabarani. Lori lilikuwa limesimama, wanaume wamekaa nyuma na mabegi yao, na dereva alikuwa anaita jina la baba yangu.

Baba alikuwa majini mpaka kiunoni, ameshika kamba. Aligeuka.

"Mwambie ndugu yangu asante!" akapaza sauti. "Mwambie nina wake wawili! Nikienda nitawaachia nani?"

Hata wale wa kwenye lori walicheka. Dereva alipiga honi mara nyingine, kwa heshima nadhani, akaondoka. Nilimrukia Baba ndani ya maji na nguo zangu za kanisani, na sikuchapwa.

Tulivuka siku hiyo hiyo, mashua imejaa watu waliokuwa wameapa hawatapanda tena. Kwenye magugu kazi yangu ilikuwa kutazama tundu, na nilikuwa naimba kila dakika, "Inakojoa!" Abiria wakanidakia, "Inakojoa!" mpaka hata mwalimu mmoja mwenye tai akawa anaitikia. Tulipotoka kwenye magugu tukafika maji meupe, Baba aliizima, akavuta kamba, na tanga likafunguka juu yetu na viraka vyake vyote. Upepo ukalijaza. Nililala kifudifudi sakafuni nikabandika shavu kwenye mbao, nikahisi harufu ya lami na pamba ya Babu, kavu kabisa.

Babu mwenyewe alikuwa ufuoni Nyakach anatusubiri, amejikinga jua kwa mkono. Tulipokaribia aliutazama mlingoti kwa muda mrefu.

"Nani ameweka kitanda cha binti yangu juu ya mti?" akauliza.

Nyar Sondu alitusomesha sisi sote. Alibeba watu na vyungu na ile kwaya kwa miaka mingi, na Baba hakukata muwa hata mmoja maishani mwake. Kwa muda mrefu nilisimulia habari hii hivi: Mama alijaribu, akakosea, Baba akamwokoa. Nilimsimulia mume wangu hivyo, na watoto wangu.

Jana, kwa sababu ya ile harufu ya lami, nikaenda Dunga na binti yangu kuwaona wazazi. Baba alikuwa nje anabishana na redio. Mama alikuwa anamfundisha binti yangu kujaza mto, na nikamwona mtoto anashindilia, na mkono wa bibi yake ukashuka pa! juu ya vidole.

"Acha nafasi, wewe! Pamba lazima ipumue. Ukiijaza hivyo, siku ikifura itapasua kitambaa."

Nikaketi chini. Maneno hayo nimeyasikia tangu sijui kusoma, na jana ndiyo mara ya kwanza niliyasikia.

"Mama," nikasema. "Nyar Sondu. Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Ulijua ukishindilia vile, ubao utang'oka."

Aliuma uzi kwa meno, akautema. Alichungulia mlangoni kuhakikisha redio bado inaongea.

"Mashua ikifa, baba yako angeweza kulala," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini alale huku mtu anaharibu kazi yake mbele ya watu? Huyo? Hawezi."

"Na kama asingeamka? Ulikuwa umeshachana godoro lako, Mama. Lori lingemchukua, na wewe ungebaki bila hata kitanda."

Mama yangu alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mzuri asiyeelewa upesi. Akaupiga ule mto mara mbili, akaujaribu kwa shavu, akaridhika.

"Angepanda lile lori," akasema, "mimi ningelitakia nini godoro?"